Mahindi ya Kaburini kwa Babu

Jumamosi, Maposeni

Na bado sijamjibu Bibi.

Mahindi yanayoota pembeni ya kaburi la Babu hayaliwi kwetu. Bibi huwaachia ndege. Leo tukivunja mabichi ya kuchoma, nikajikuta nasema, mimi ambaye hata shikamoo naitoa kwa sauti ndogo: "Bibi, mwili wa Babu umekuwa udongo, na udongo umekuwa haya mahindi. Hajaenda mbali."

Nilidhani atanifukuza shambani. Akalitazama bua refu kuliko yote, akavunja hindi moja. "Kama ni yeye, litachelewa kuiva. Babu yako alikuwa mbishi."

Tukacheka. Tukalichoma, tukala nusu kwa nusu. Kisha akauliza taratibu, "Na roho yake, mjukuu wangu, nayo imo humu?"

Nikainama kuchochea moto.

Shuleni naandika haya kwa Kiingereza bila kutetemeka: kwamba sisi, mihogo na nyota tumetokana na vitu vilevile, na hakuna kilicho nje ya maumbile. Kwa Kiingereza simuumizi mtu. Bibi anamsalia Babu rozari kila jioni, akiamini wataonana. Naogopa nitamnyang'anya...

Lakini ameniuliza mimi. Nikiendelea kunyamaza nitakuwa namdanganya.

Kesho tukitoka misani nitamwambia kwa Kiswahili: Bibi, mimi naona roho yake ilikoma pamoja na pumzi. Tulichobaki nacho ni hiki kinachoota.

Akilia, nitakaa naye mpaka anyamaze. Halafu nitamchomea hindi lingine.