Kifuniko Si Chake

Papa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na utanisamehe, maana hasira yenyewe umeniachia wewe.

Unaikumbuka kaseti ya kompyuta uliyomwandikia Mama alipokwenda kwa wazazi wake Sakania kunizaa? Aliporudi ulimwambia mashine ni mgonjwa, ataiona kesho. Kesho hiyo imenikuta mimi na mvi. Sasa Mama anatoka eda Ijumaa, na Jumamosi dada yake anamchukua wakaishi pamoja Sakania. "Ile kaseti ya papa yako, nitaiona siku gani?" Kila asubuhi, Papa. Kila asubuhi!

Ulikuwa na kompyuta mbili za aina moja, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kumbe ndani chipu za kumbukumbu si sawa: za ile ya kwanza zinataka volti kumi na mbili, za ile iliyokuja baadaye tano tu. Miguu ni ileile, umbo ni lilelile. "Kila mashini iko na tumbo yake," ulinifundisha hapahapa Makomeno, ukinigonga vidole kwa bisibisi. Basi kabla ya kuitengeneza mashine nikatazama kifuniko, mkono wako umeandika MPYA. Nikachomeka chipu nane za volti tano, nikawasha. Harufu! Zote nane zimekufa.

Kumbe ulibadilisha vifuniko, ile ya zamani ukaivika kile kipya, wageni wa Idi wasione kile kilichogeuka njano. Wewe na usafi wako! Na onyo uliliweka wapi? Nilipong'oa bodi nzima nikakuta karatasi chini yake: "Kifuniko si chake." Chini ya bodi! Nani anaficha onyo mahali ambapo mtu anafika akishaunguza? Nilikulaumu kwa sauti, kisha nikalia, kwa sababu karatasi ilikuwa na duara la kikombe chako cha chai.

Jana nilitia zile chipu za zamani ulizozitunza kwenye kopo la maziwa, nikisoma bismillahi kwa kila moja. Mama alikaa mbele ya televisheni niliyoiunganisha na mashine. Kaseti ikapiga kelele zake, maneno yakatokea: ZUHURA RUDIA. CHAI HAINA SUKARI.

Akasoma polepole, mara mbili.

"Mi nilirudia huku nyumbani," akasema. "Yeye njo ameenda."

Lala, Papa. Onyo lako nimelibandika juu ya kifuniko, linaonekana kutoka mlangoni. Jumamosi mashine nitaibeba mwenyewe mapajani mpaka Sakania, Mama akusome kila atakapotaka.

Mwanao,
Mwamini