Mwenye Kware Hanisemeshi

Jumanne, 9 Januari

Mvua tangu alfajiri. Mji wote wa Malang umelowa. Nguo nilizofua juzi bado zinanuka unyevu.

Mama mkwe leo kaweka pedi ya gemu chini, kazima televisheni, kageukia ukutani. Saa nne asubuhi! Nikamuuliza kama anaumwa. Hapana. Njaa? Hapana. "Nimechoka kusifiwa," akasema. Nikadhani ananisema mimi. Kumbe anazisema gemu. Ukikata mti, hongera. Ukichimba shimo, hongera. Ukifungua mlango, nyota zinaruka na tarumbeta zinalia. "Nina miaka sitini na minane, Wening. Milango nilianza kufungua zamani."

Nilikwenda kucheka jikoni. Halafu nikaona sahani yake ya wali imerudi vilevile, kijiko kisafi. Sikucheka tena.

Alhamisi, 11 Januari

Wifi Retno kapiga simu kutoka Balikpapan. Anakuja mwezi ujao kumchukua Mama akaishi kwake. Nyumba yake haina ngazi. Hospitali iko karibu. Umejitahidi, wifi, ananiambia, lakini mchana uko duka la dawa, mumeo Galih yuko kiwandani Gresik wiki nzima, Mama anabaki na nani?

Iliniuma.

Nikampa Mama simu. Nikasikia upande mmoja tu: ndiyo, ndiyo, popote ni sawa.

Popote ni sawa! Mama huyu? Chumba cha mbele kilikuwa ufalme wake, yeye na marehemu Baba — televisheni sita, vijana wa mtaa mzima wanalipa kucheza. Atakayemshinda Mama anacheza bure kutwa. Galih anasema hakuna aliyewahi kucheza bure. Alikuwa anawazomea: "Rudi kwa mama yako ukanywe maziwa!" Kisha simu zikaja, vijana wakahama, chumba kikafungwa. Mwezi wa nane akavunjika nyonga. Daktari kasema atembee. Hatembei. Nikimsihi ananiuliza, nitembee niende wapi?

Nami hujibu vile ninavyojibu siku zote. Sawa, Mama.

Jumamosi, 13 Januari

Galih karudi na gemu mpya, ile inayosemwa na kila mtu. Farasi, panga, ufalme mzima. Kaifungua kama mtoto siku ya Idi. Mama kacheza kwa adabu, kama mtu anayekula chakula cha mwenyeji asichokipenda. Akasema farasi ni mzuri. Akazima.

Galih kaenda kuosha pikipiki ambayo ilikuwa safi.

Mimi, ambaye sijawahi kucheza hata karata vizuri, nimeingia kwenye kundi moja la wacheza gemu mtandaoni. Nikaandika: mama mkwe wangu kamaliza kila gemu, zimemchosha, naomba zile nzuri ambazo watu hawazijui. Kwanza wakanicheka. Mmoja akasema huo ni uongo, wewe ndiye mama mkwe. Mwingine akataka picha. Nikawapigia picha mikono ya Mama imeshika pedi, vidole vimepinda, pete ya ndoa.

Kicheko kikakoma. Sasa wananimwagia majina!

Jumatatu, 15 Januari

Ya kwanza: mlinzi wa bustani ya wanyama ambaye tembo wanamwonea wivu. Mama kaimaliza kabla chai haijapoa.

Ya pili, ya mtu mmoja wa Finlandi. Unateleza kwenye barafu ukipeleka mikate. Nzuri mno, kimya, theluji inaanguka taratibu. Nilitokwa na machozi, sijui kwa nini. Nikageuka kumwangalia Mama — kalala, mdomo wazi.

Alhamisi, 18 Januari

Gemu ya sisimizi! Vita vya sisimizi, vikosi, malkia. Mama kakaa wima. Kala ndizi za kukaanga bila kuangalia sahani. Nikawa natembea kwa ncha za vidole nisimvuruge.

Kabla ya adhuhuri akaniita. "Njoo uone. Wapeleke wote kushoto. Wote tu. Unashinda." Kweli, tukashinda. Akawapeleka tena, tukashinda tena. Akaweka pedi mapajani.

"Aliyetengeneza hii hakuwaza kama kuna mtu mkaidi," akasema. Sauti yake ilikuwa na huzuni, kama ameachwa kituoni.

Jumamosi, 20 Januari

Sasa ninazionja mwenyewe kwanza kabla ya kumpa. Nimeunguza tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga. Galih kanikuta nimeshika pedi, moshi umejaa, nampigia kelele mbuzi kwenye skrini. Akauliza mgonjwa ni nani humu ndani.

Zilizokataliwa leo: mbuzi (anaongea sana). Mvuvi wa mwezini (mzuri, lakini Mama atamaliza kwa jicho moja). Mfalme kipofu (ananisifu!).

Naanza kujua ninachotafuta. Si gemu ngumu. Ngumu anazimaliza. Ni gemu ambayo haimwonei huruma.

Jumanne, 23 Januari

Mtu mmoja kwenye kundi kanitumia jina bila maneno mengi: Kisima Kimoja. Imetengenezwa na binti wa Surabaya, peke yake. Waliopakua hawafiki hamsini. Michoro kama ya mtoto wa shule, nyuso hazina hata pua.

Kiangazi. Nyumba saba, kisima kimoja. Wewe ndiye unagawa maji. Basi. Hakuna nyota, hakuna tarumbeta. Ukimpa mmoja, mwingine anakosa. Na wanakumbuka! Nilimpunguzia bibi mmoja ndoo leo, siku zangu mbili za mle ndani zikapita, nikamkuta anawaambia wenzake mimi nina upendeleo. Uso uliniwaka, naapa.

Nimemwekea Mama. Nikaenda kazini.

Jumatano, 24 Januari

Nakata vitunguu, nasikia nyuma yangu:

"Mwenye kware hanisemeshi!"

Nikageuka. Mama amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Nani, Mama?"

"Mwenye kware! Nyumba ya tatu. Nilimnyima maji mara moja tu, mara moja! Kware wake wawili wakafa. Sasa nampelekea ndoo tatu anafunga mlango. Nagonga, hafungui. Mtu gani huyo? Ndoo tatu!"

Akaendelea kumsema mwenye kware, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, mwingine ukipiga hewa. Mimi macho yangu yako kwenye kigoda chake, kule mbali, na fimbo yake imeegemea palepale. Katembea mwenyewe sebule nzima na ukumbi. Nikiona kitu kama hicho naogopa hata kupumua.

Kala sahani mbili za mchuzi mweusi wa nyama. Huku akinung'unika.

Ijumaa, 26 Januari

Mama kataka kumwandikia aliyetengeneza gemu. Yeye anasema, mimi naandika kwenye simu. Kwamba gemu ina hitilafu. Kwamba mtu akiombwa radhi kwa ndoo tatu anafungua mlango, hata shetani angefungua. Kwamba yeye kaendesha chumba cha gemu miaka mingi na anajua hitilafu akiiona.

Nikataka kulainisha. "Usilainishe!" Nikatuma.

Jibu likaja jioni. Binti anaitwa Ayunda. Nimelinakili: "Shikamoo Bibi. Nimefurahi umefika mbali hivyo, hakuna mwingine aliyefika. Lakini si hitilafu. Amekasirika tu."

Mama akanitaka nimsomee tena. Na tena.

"Amekasirika tu," akarudia. "Jeuri huyu!" Lakini macho yake! Sijayaona hivyo tangu nimeolewa nyumba hii.

Jumapili, 28 Januari

Wanagombana siku ya tatu sasa. Mama na Ayunda. Ujumbe asubuhi, ujumbe mchana. Mama: basi weka njia ya kumsamehesha. Ayunda: siweki, Bibi, gemu ni yangu. Mama: utakosa wachezaji. Ayunda: nimeshawakosa.

Leo Mama akanigeukia mimi, nimwunge mkono. "Si kweli, Wening? Mtu huyo si ana roho mbaya?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari na ile sawa-Mama yake. Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Hapana, Mama. Wewe ndiye uliyemnyima. Ulimpa mwenye bustani ya maua kwa sababu alikusalimia vizuri. Mimi niliona."

Galih kainua kichwa kutoka kwenye gazeti, kakirudisha haraka.

Mama kaniangalia juu mpaka chini. Kisha akacheka — kicheko kikubwa, mpaka akashika nyonga. "Kumbe una ulimi! Miaka yote hii nimekaa na bubu, tangu Agosti ndiyo kabisa, kila mtu humu ananiitikia kama vile mimi ni maiti. Nduk, vuta kigoda. Nionyeshe kosa langu lingine."

Nduk. Mwanangu wa kike. Anamwitaga Retno hivyo. Mimi hajawahi.

Nikavuta kigoda.

Jumanne, 30 Januari

Habari mbaya. Ayunda kaandika kwamba anaiondoa Kisima Kimoja mtandaoni. Amepata kazi ya ofisini, wazazi wake wamechoka kumwona amekaa na kompyuta. Sehemu ya pili ilikuwa karibu kwisha, ya wachezaji wawili, visima viwili, mto mmoja juu yake. Lakini nani ataicheza, anauliza. Anashukuru kwa ugomvi. Ndivyo alivyoandika: ugomvi.

Mama kaweka pedi chini. Nikaogopa atageukia ukutani.

"Surabaya ni mbali?" akauliza, kana kwamba hajui. Treni haichukui hata nusu siku. "Mwambie aje. Mwambie kuna mwanamke hapa ambaye hajawahi kushindwa. Mwambie kama anaogopa aseme tu anaogopa."

Nimetuma. Sikulainisha.

Jumamosi, 3 Februari

Siku gani hii!

Ayunda kaja na treni ya asubuhi. Nilitarajia jeuri, nikapokea msichana mwembamba mwenye miwani, viatu vimelowa, kakumbatia kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki. Kambusu Mama mkono. Mama: "Wewe ndiye?" Yeye: "Ndiye." Mama: "Kaa ule kwanza, huwezi kubishana na tumbo tupu." Walianza kubishana kabla wali haujaisha.

Tumefungua chumba cha mbele. Galih kafagia, kachomeka televisheni moja iliyobaki na ile ya sebuleni. Mama kwenye kisima chake, mimi kwangu. Nikimwagilia sana, chake kinapungua. Hakuna anayeiona skrini ya mwenzake. Kuna kitufe kimoja cha kuomba na kimoja cha kufunga mfereji. Mama alinifungia mfereji mara tatu, kisha akaniomba! Nikakataa. Mama mkwe wangu! Nimekataa! Ayunda anaandika kila kitu, mara anacheka, mara anasema lo, hapo pamekosewa, hapo pabaya. Mara ya nne Mama akasema pale ni hitilafu kweli, na Ayunda akaangalia, akasema ndiyo, ni hitilafu. Mara ya tano akasema si hitilafu na hakurudi nyuma.

Hajasema kama ataiondoa au ataiacha. Kaniomba alale hapa mpaka kesho. Ofisi inamtaka Jumatatu.

Na jioni, teksi mlangoni. Retno. Kaja siku mbili kabla ya tarehe yake, nafasi ya ndege ilipatikana. Kamkuta mama yake anamzomea mgeni akanywe maziwa.

Jumapili, 4 Februari

Retno hakulala vizuri, namwona machoni. Asubuhi alinivuta uani. Hakugomba. Alisema, wifi, nilikuja kuchukua mgonjwa. Akasema nyumba yake ni kubwa na mumewe yuko safarini kila wakati, na yeye jioni anakula akiwa amesimama jikoni. Sikujua. Nilidhani mwenye nyumba isiyo na ngazi hakosi kitu.

Nikamwambia ukweli: sijui Mama anataka nini. Nikamwambia mimi sitaki aondoke. Nilisema hivyo, kwa sauti.

Akalia kidogo. Nami pia.

Baada ya adhuhuri akaingia chumba cha mbele kumwuliza Mama waziwazi. Unakwenda nami au huendi? Mkoba bado begani. Mama alimsogezea pedi yangu. "Kisima chako kile. Kaa."

"Mama, mimi sijui haya mambo tena."

"Ulikuwa unanishinda kila Jumapili mpaka ulipoanza kupaka rangi ya mdomo. Kaa."

Kumbe kuna aliyewahi kumshinda! Galih hakuniambia, au hakujua.

Nimewaacha, nimekuja kuandika hapa kwenye meza ya jikoni huku wali ukichemka. Ayunda yuko katikati yao sakafuni na kompyuta yake, anawatazama wao, si skrini. Dada wa watu, treni yake ni ya saa kumi na hajafunga mfuko.

Galih kapita na simu mkononi, watu wa ndege wanataka kujua kama tiketi ya pili, ya Mama, ithibitishwe. Ndege ni kesho asubuhi. Kasimama mlangoni kwao, kauliza. Kauliza tena.

"Subiri kwanza, Galih," namsikia Retno. "Mama kanifungia mfereji."

"Omba," anasema Mama.

"Siombi."

"Basi mahindi yako yafe."

"Na yafe!"

Mvua imeanza tena, kubwa. Galih bado kasimama na ile simu, mtu anaongea ndani yake, halo, halo. Sasa wote wawili wanaliita jina langu kwa pamoja — wanataka niamue nani kaanza.

Wali unaungua. Naenda.