Visigino vya Kaka Tokuji

Mwaka umetimia leo, Kaka Tokuji, tangu ulipolala baada ya sikukuu ya mavuno usiamke. Shemeji Fusae, mkeo, alidhani ni uchovu wa kucheza ngoma ya simba. Akakufunikia wali wako wa maharagwe mekundu, akaenda shambani. Aliporudi wali ulikuwa vilevile.

Ulikuwa mtu wa watu. Ukilima kwako unalima na kwa jirani mjane, halafu unakana: "Aa, jembe lilipitiliza tu."

Miaka arobaini na moja ulivaa kichwa cha simba cha mbao ukacheza mlango kwa mlango hapa Kuramizo, ukiwauma watu utosini wapate afya. Nami mdogo wako nilikuwa nyuma, nimeinama ndani ya nguo ya kijani iliyo mwili wa simba, mimi ndiye miguu ya nyuma. Watu waliona simba. Mimi niliona visigino vyako tu, na ule ufa wa kushoto uliokataa kila mafuta. Ukipiga kisigino chini mara mbili, najua tunageuka. Nikikukanyaga, unafoka kwa sauti ya chini: "Morio, acha kunisukuma, mimi si mkokoteni!"

"Basi na wewe punguza maharagwe, huku nyuma nina pua!"

Tulicheka mpaka simba akatetemeka, na wenye nyumba wakapiga makofi wakidhani ndiyo mchezo wenyewe.

Mwezi wa nne mwenyekiti wa mtaa, Mzee Wakasugi, alitaka kichwa kipelekwe makumbusho ya wilaya. "Tumebaki nyumba kumi na moja," akasema, "na kijana wetu wa mwisho ana miaka sitini na mbili. Nani atacheza?" Nilipandwa na hasira, Kaka. Nikasema nitacheza mimi. Akanijibu, "Haya. Simba asipozunguka mji wote mwaka huu, anakwenda kukaa kabatini."

Jana, sikukuu ilipofika, nikakivaa kichwa chako. Wa kuingia nyuma hakupatikana, kila mtu mgongo unamuuma. Wakawasha kaseti ya filimbi na ngoma, nikatoka peke yangu.

Aibu yangu hii hapa: njia sikuijua. Miaka yote hiyo nimeuzunguka mji huu nikitazama chini! Penye njia panda nikasimama kama mgeni.

"Vipi, simba amepotea kwao?" Mzee Wakasugi akauliza, na watu wakaangua kicheko.

Nikainama, nikatazama ardhi. Nikaona kifuniko cha mtaro kilichopasuka, kisha lile jiwe lenye kuvu ulilokuwa ukijikwaa kila mwaka na kulitukana. Ndipo nikajua niko wapi. Nikaenda hivyo hivyo, nyumba hadi nyumba, hata zile zilizofungwa. Nilicheza milangoni, Kaka, hakuna aliyetoka.

Mwisho nikafika kwako. Unakumbuka Shemeji hakuwahi kukubali kuumwa. "Ananiuma kwa maneno mwaka mzima, yanatosha!" Jana aliinamisha utosi mwenyewe, nikamuuma. Kisha nikapiga kisigino chini mara mbili, tugeuke.

Nikangoja.

Nguo ilikuwa imelala matopeni nyuma yangu, tupu. Nililia humo ndani ya kichwa, kwa kuwa humo haonekani mtu. Shemeji akaiokota ncha ya nguo. "Inachafuka," akasema, akaishika mpaka tulipofika hekaluni, simba anapomalizia mzunguko wake.

Mzee Wakasugi amekirudisha kichwa sandukuni mwake. Mwaka huu hakiendi popote. Wa mwakani siujui.

Unakumbukwa na mkeo Fusae, ambaye bado anapika wali wa watu wawili. Na binti yako Chinatsu wa Osaka, aliyepiga simu. Na majirani wa nyumba kumi na moja. Na mimi Morio, miguu yako ya nyuma.

Hatutakusahau kamwe, Kaka. Siku ukipiga kisigino mara mbili, nitageuka.