Jiwe la Kanisa Lisibaki Zizini

Anahiti shoga yangu,

Huyo mwanao Sureni umemdekeza. Mtu mzima, ndevu tele, anakuja Guangzhou kuchukua maiti ya mama yake, kisha usia wake anaupinga. Ungekuwa hai ningekwambia usoni.

Jana nilimkalisha mkahawani pale Huanshi, mjukuu wangu Zuhura akitutafsiria. Nikamkumbusha ulilosema hospitali: usizikwe kando ya lile gofu la kanisa lenu la mlimani mpaka jiwe lake la msalaba, alilolichukua babu yako akajengea zizi, lirudi lilikotoka. Akasema, "Bibi, likitoka ukuta unaanguka. Ng'ombe walale wapi?" Nikamwambia, "Walale kitandani kwako."

Mimi Muislamu, ya makanisa siyajui. Lakini kwetu Pemba jiwe la msikiti ni wakfu, hata msikiti uwe umeanguka paa na popo wamehamia. Hilo kanisa lenu nimeliona kwenye simu yako, majani yameota juu ya kuta, na bado mnawasha mishumaa humo na kutoka kinyumenyume, msiipe madhabahu mgongo. Watu wa adabu hiyo mnaachaje jiwe likojolewe na ndama?

Akainamisha kichwa. Akasema kila ukimaliza kukamua ulikuwa unalibusu lile jiwe, na hapo ulipozoea kushika pamekuwa laini kama sabuni. Akilitoa, nyumbani hapatabaki alama yako.

Nikamsogezea chai, Anahiti.

Maana na mimi... Chumba chako hapa Sanyuanli laoban mwenye jengo keshampa muuza viatu. Nilimwomba asubiri arobaini yako ipite, akanijibu meiyou, hakuna. Nikipika wali bado napika wa watu wawili. Halafu naikasirikia sufuria.

Lakini huzuni ni yake, jiwe si lake. Nilimwambia hivyo leo pale uwanja wa ndege wa Baiyun, sanduku lako lilipokwisha kuingizwa kwenye mizigo. Alinibusu mkono tu, akaenda zake.

Nenda salama, shoga yangu. Nikijaaliwa nitakuja huko kwenye baridi yenu nikae nawe kidogo, na sitakuja mikono mitupu.

Zuhura, wewe unayeniandikia barua hii, mpelekee Sureni ujumbe sasa hivi, aukute akitua. Alitoe jiwe kwanza, alipeleke kanisani yeye mwenyewe, asikodi watu, ndipo kaburi lichimbwe. Ng'ombe watajengewa.