Patron, Claire Ameingia Salama

Patron,

Claire mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Tangu tukuzike, huyu binti yako ndiye mwenye timu yetu ya mbio za magari, na bado anaendesha mwenyewe. Kiti chako, pale magari yanapoingia kubadilisha tairi, amenipa mimi, pamoja na redio ya kuongea na dereva. Eish, kiti kile ni kizito! Mimi Didier, fundi uliyenitoa gereji ya teksi kule Hillbrow, nimwamrishe mtoto wako?

Jumamosi tulikimbia kwa mara ya kwanza bila wewe. Mbio za muda wa saa sita, na tulikuwa mbele. Alasiri mawingu ya Johannesburg yakajaa ghafla, unayajua, mvua ya mawe ikaanza upande wa pili wa uwanja. Nikamwambia Claire aingie. Akajibu, "Mzunguko mmoja tu, kaka Didier. Tunashinda!"

Nikakukumbuka, Patron. Siku ile tumekaa juu ya tairi kuukuu tunakunywa kahawa, ukanieleza kwa nini uliacha kuendesha. Miaka yote ya kukimbia usiku na mchana kule Ufaransa, vikombe vyote vile, mpaka mwenzako wa gari moja akafia kwenye mvua kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita aingie. Ukasema, "Nilinunua timu ili niwe mtu wa kuita."

Basi nikaita. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka: "Ingia! Sasa hivi!"

Aliingia akinitukana kwa Kifaransa, matusi yako yaleyale. Hata hajafungua mlango, magari mawili yaliyokuwa nyuma yake yakateleza kwenye kona ya mteremko, yakajibamiza ukutani. Madereva walitoka wakichechemea, Mungu asifiwe.

Tulimaliza wa nne. Claire alinikumbatia akalia, nami nikalia, kisha tukacheka kama wendawazimu, mafundi wote wanatutazama.

Patron, tangu ufe nilikuwa silali, naiogopa siku nitakayolazimika kumwita. Imekuja, imepita. Sasa nalala. Mke wangu anasema nimeanza tena kukoroma.

Lala nawe, mzee wangu. Umefanya kazi ya kutosha. Nakuahidi, maadamu nimekalia kiti kile, hakuna mtoto wa mtu nitakayemwacha nje kwa sababu ya kikombe.

Didier wako