Tangazo la Kufunga Chumba cha Watoto Nimeliandika Mimi

Mpendwa mshauri, shikamoo, na unisamehe mwandiko maana naandika mtoto akiwa mapajani na kalamu anaitaka yeye. Nisaidie kabla ya Ijumaa, kwa sababu nina hasira mpaka jana nimeshona kola ya shati nje ndani, kitu ambacho sijakifanya tangu nijue cherehani.

Mimi ni mshonaji kwenye karakana ya sare, nipo mstari wa kola, na tuko akina mama kumi na mmoja wenye watoto wanaonyonya au wanaotambaa, na nyuma ya stoo ya vitambaa kuna chumba chenye mikeka, mabeseni mawili na mama mmoja mtu mzima anayewaangalia, na kila saa nne na saa nane tunaruhusiwa kuinuka dakika ishirini kwenda kunyonyesha. Chumba hicho, mshauri, ndicho kinachoniweka kazini, maana sina wa kumwachia mtoto, mama yangu yuko mbali na mama mkwe anaumwa miguu.

Mwaka huu nilijiunga na chuo, alasiri mbili kwa wiki, na kati ya masomo nililipenda moja tu, la uandishi na ushawishi. Mwalimu wetu, mama mfupi ambaye hahitaji kipaza sauti, alitufundisha kwamba kabla hujaandika ujiulize anayekusoma anaogopa nini na anapenda nini, na kwamba watu humwamini kwanza msemaji ndipo wayaamini maneno yake, na kwamba usimjibu anayekupinga kabla hujaweza kusema hoja yake vizuri kuliko anavyoisema mwenyewe. Mimi ambaye maisha yangu yote nilikuwa naandika barua za kuomba ruhusa tu, niliona kama nimefunguliwa dirisha.

Akatupa kazi ya karatasi mbili, ya kwanza utetee kitu unachokipenda, ya pili uhamie upande wa anayekipinga na uandike kwa nguvu zako zote. Ya kwanza nilitetea chumba chetu, nikapata sitini na tano, akasema nalia sana kwenye karatasi. Ya pili nikaandika kwa nini chumba kifungwe, na sijui maneno yalitoka wapi, nilipata tisini, ikasomwa mbele ya darasa zima, nikapigiwa makofi, na kichwa kikavimba.

Sasa kwenye darasa hilo yupo pia msimamizi wetu wa karakana, kapelekwa na kazi, ambaye wenyewe tunamwita Pasi kwa vile anavyopenda kuwanyoosha watu. Siku hiyo akanijia mpole kama mgeni, "Dada, niazime hiyo karatasi nikajifunze, mwenzio kila siku arobaini." Nikampa, tena nikafurahi.

Jana Jumatatu asubuhi nimefika kazini nikakuta watu wamejazana kwenye ubao wa matangazo. Kuanzia Jumatatu ijayo chumba cha watoto kinafungwa, na Ijumaa kutakuwa na mkutano wa kutusikiliza. Na sababu zilizoandikwa pale ni zangu, mshauri, neno kwa neno! "Mama anayesikia mwanawe analia hawezi kushona mstari ulionyooka, na lawama si zake." Yangu. "Pamba inayoruka hewani haiulizi umri wa kifua inachoingia." Yangu hiyo, niliifikiria nikiosha nepi! Chini kaweka sahihi yake na muhuri.

Hasira yenyewe naweza kuimeza, lakini kilichonimaliza ni kwamba wenzangu wamekubali. Mama Pacha, rafiki yangu wa cherehani ya pembeni, kalisoma mara mbili, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa, akasema, "Inaniuma, lakini aliyeandika hivi anatupenda. Huyu ni mzazi, si bure." Sasa anataka kuacha kazi arudi kwao na pacha wake, anasema afadhali akae nyumbani kuliko kuja kujilaumu kwa vifua vya wanawe. Mimi nikarudi kwenye cherehani yangu kama niliyemeza pini.

Nikamfuata Pasi stoo, nikamwambia karatasi ile ni kazi ya darasani, kwa nini kaibandika ubaoni. Akacheka. "Si uliandika mwenyewe? Au darasani ulikuwa unadanganya?" Nikamwambia ataibandua au nitasema kwenye mkutano. Akanyanyua nyusi. "Sema. Nami nitawaonyesha mwandiko wako, na tisini yako juu kwa wino mwekundu. Tuone nani atatoka pale akiwa na marafiki."

Nyumbani baba mtoto ananiambia, "Nyamaza, mama. Ubaoni hakuna jina lako." Naye anasema kwa kunionea huruma, najua, lakini neno hilo halinishuki.

Mshauri, mtu gani huyu anaiba jasho la mwenzake na kulitumia kuwatoa watoto nje? Na chuo gani kinafundisha watu kitu chenye makali namna hii bila kuwaambia kishikwe wapi? Nimwache rafiki yangu aondoke, au niseme na wote wanichukie?

Jambo moja dogo nilikuwa nimelisahau. Kwenye karatasi niliandika, na ubaoni nako limo, kwamba watoto wanne wamekohoa mwezi mmoja kwa sababu ya pamba. Kukohoa walikohoa kweli. Ila ilikuwa mafua, na yalianza kwa mwanangu, nilikuja naye yakiwa yameshamshika. Pamba kule chumbani haifiki, kuna ukuta na milango miwili. Nilihitaji mfano.

Mimi, mshona kola.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Barua yako uliyoitumbukiza kwenye sanduku letu Jumanne nimeomba itoke leo Alhamisi, mbele ya foleni, kwa sababu ya hiyo Ijumaa yako.

Hasira yako naiunga mkono. Kuazima karatasi ya mwanafunzi mwenzako, kuigonga muhuri na kuwafungia watoto mlango kwa maneno ya mama yao ni wizi, hata kama mwizi amevaa vizuri na anajua kusalimia. Na kukutisha stoo ni uoga. Huyo Pasi wako hana hoja hata moja ya kwake, ndiyo maana darasani anapata arobaini.

Sasa tuligeuze shati tuuone mshono wa ndani. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniwekea mtoto mapajani, umeniletea mama mkwe na miguu yake, umenipa Pasi na nyusi zake, mpaka nikawa natafuta viatu nije kumkunja ukosi. Kisha chini kabisa, nikiwa nimeshalainika, ndipo unanipitishia kikohozi na kukiita "jambo dogo ulilokuwa umelisahau". Hukulisahau. Lilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Mwalimu wako akiiona barua hii atakupa tisini nyingine, na mimi ningekuchapa.

Chuo usikisingizie. Uliagizwa ukae upande wa mpinzani na useme hoja zake vizuri. Kwamba kilio cha mtoto kinaharibu kazi ya mama, hiyo ni hoja, mtu anaweza kuijibu. Hakuna aliyekuagiza umtungie ushahidi. Ulijua kikohozi kimetoka kwako, ukakichukua kwa sababu kilikaa vizuri kwenye sentensi, na sasa sentensi hiyo inamfungisha rafiki yako mizigo. Mama Pacha haondoki kwa sababu ya Pasi. Anaondoka kwa sababu anakuamini wewe, bila kujua kuwa ni wewe.

Baba mtoto anakupenda, mshukuru, ila ushauri wake usiufuate. Unakuficha wewe na kuwaacha akina mama kumi wakiwa wamedanganywa.

Pasi anakushikia kitu kimoja tu, nacho ni siri. Itoe mwenyewe leo uone atabaki ameshika nini. Anza na Mama Pacha, na umkimbilie, kwa sababu gazeti hili linasomwa hata huko kwenye karakana, na itamuuma mara mbili akikukuta hapa kabla hujamfikia. Mkalishe pembeni wakati wa mapumziko. Usimpambie kitu. Mwambie: ile karatasi niliandika mimi, chuoni, na ile habari ya kikohozi si kweli, mafua yalitoka kwa mwanangu. Basi, ufunge mdomo. Akikufokea, fokewa. Akilia, usilie zaidi yake.

Ijumaa nenda na ile karatasi yako ya sitini na tano, na usimsubiri Pasi aonyeshe mwandiko wako, sema wewe kwanza kuwa ni wako, kisha mwambie aitoe hiyo ya tisini anayokushikia, na alama nyekundu juu. Kubali pale penye ukweli: ndiyo, mtoto akilia mama hutetereka. Kisha waambie unavyokuwa ukijua mtoto yuko ng'ambo ya ukuta na saa nne inakaribia, na unavyokuwa asipokuwepo kabisa. Hilo kwenye barua hukuliandika, na wewe ndiye unayelijua. Halafu omba mkutano usimame, wote muende chumbani na kitambaa cheupe, na Pasi mwenyewe apanguse dirisha, mikeka na rafu. Kitambaa kikitoka na pamba, mmejua cha kufanya, mzibe na msafishe. Kikitoka safi, amekishika yeye mbele ya macho ya watu.

Habari ya karatasi yako kuibwa, ipeleke kwa mwalimu wako na kwa mkubwa wa Pasi, kwa maandishi, baada ya mkutano. Ukitangulia na hilo utaonekana unalilia alama zako huku wenzako wanalilia watoto.

Huenda baadhi watakununia, na wana haki. Vumilia, endelea kuwasalimia. Wala usiache chuo. Mtu anayeweza kuandika vile kwa ajili ya asichokiamini nataka nimsome siku atakapoandika anachokiamini, na bila kikohozi cha kubuni ndani yake.

Na Jumatatu, mkikibakisha chumba chenu, saa nne ikifika usiangalie nani anakutazama. Zima cherehani, inuka ukamnyonyeshe mwanao. Na akiwa na mafua, baki naye nyumbani.