Mbwa wa Yaya Ilunga

Jumatatu, 4 Julai 1994

Yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa,

Nimepika pumba tena asubuhi. Sufuria yako nyeusi, vichwa vya samaki, chumvi kidogo. Nimeisukuma kwa fimbo, kisha nikarudi nyuma ya mlango. Bado nawaogopa mbwa wako. Wamekula kwa adabu. Mmoja tu, Mobileti, amebakiza chakula, amekwenda kulala penye baiskeli yako.

Baridi kali. Wanaume waliokuja kwenye kilio chako bado wanalala nje penye moto, mbwa katikati yao. Hakuna anayewafukuza. Wanasema wanaleta joto.

Tulikuzika Ijumaa. Watu waligombea sepeto kuchimba kaburi. Wewe ndiye uliyewachimbia baba zao na watoto wao. Shimo likatoka kubwa kuliko ilivyohitajika. Ungecheka.

Jumanne, 5 Julai

Mchana nimepita kituo cha treni. Nimekumbuka wale waliofukuzwa mkoani kwetu kwa sababu ya kabila lao, walivyokaa pale na mizigo yao, wakingoja. Machimbo ya Kakontwe yalikuwa hayakulipi tena, ukawa unawapelekea maji kwa baiskeli. Treni zikaondoka nao. Mbwa wao wakabaki kwenye reli. Jioni ile ulirudi nyumbani na mbwa wa kwanza, amekaa juu ya kibebeo cha baiskeli kama abiria. Siku zilizofuata ukaleta wengine.

Nilikasirika. Mimi mwalimu bila mshahara, wewe bila kazi, uwanja umejaa mbwa. Ulijibu neno moja tu juu ya wenye mbwa:

"Benyewe bakirudia, bataniuliza."

Sikukasirika tena.

Jumatano, 6 Julai

Shefu wa mtaa amepita. Mtoto ameumwa na mbwa upande wa soko, watu wanaogopa kichaa. Jumapili vijana watazunguka na marungu. Nyumba moja, mbwa mmoja. Mbwa asiye na mwenyewe atauawa.

Nikamwambia hawa wana mwenyewe. Ni wa kaka yangu.

"Kaka yako iko wapi, mwalimu?"

Ameuliza kwa upole, kofia mkononi. Mke wake ulimpeleka hospitali kwa baiskeli ile ile, akajifungua salama. Hajasahau. Lakini amri ni amri.

Nilikuahidi, Yaya. Ulikuwa na homa, hospitalini hakuna dawa, ukanishika mkono. Hukutaja nyumba. Hukunitaja mimi. Ulitaja mbwa. Iliniuma kidogo, naandika ukweli. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 7 Julai

Nimezunguka Kikula nzima kutafuta wa kuwachukua. Watu hawana bukari, ugali wa watoto wao, watalisha mbwa? Nimefika hata kwa Mama Kapinga, muuza sombe, majani ya muhogo, aliyepika kilio chako chote. Ameniangalia:

"Mwalimu, minye mwenyewe natafuta mutu wa kunichunga!"

Tukacheka. Kisha tukalia, pale pale juu ya sombe.

Nimerudi mikono mitupu.

Ijumaa, 8 Julai

Pumba zimekwisha. Nimewapa bukari yangu.

Jumamosi, 9 Julai

Leo tumemaliza kilio. Mjomba Kabamba, mkubwa wa ukoo wetu, ametoka Mulungwishi kugawa nguo zako. Unajua mila yetu: aliyechimba, aliyeosha, aliyepika, kila mmoja aondoke na kitu cha marehemu. Na kitu hicho hakitupwi. Ukikitupa, umemtupa yeye.

Ili watu wakusanyike, Mjomba akapiga kile kipande cha reli kinachoning'inia kwenye ukuta wetu. Hakujua ni cha nini. Watu wakaja na majembe, wakidhani ni salongo, maana wewe ndiye uliyekuwa ukikipiga kuwaita kusafisha mifereji ya mtaa. Mbwa nao wakaja mbio kutoka kila upande, maana kwa chuma hicho hicho uliwaita kula. Wakakaa mstari wa mbele, mbele ya ukoo, wakimtazama Mjomba mdomoni. Uwanja mzima ulicheka. Mara ya kwanza tangu ufe.

Mjomba akafungua sanduku lako. Mkanda. Kiatu kimoja cha kazi, cha kushoto. Basi. Cha kulia ulimpa yule mzee aliyekatwa mguu.

"Ee weye Ilunga!" Mjomba akasema. "Manguo iko wapi? Sasa tutagawa nini?"

Nikajua nguo ziko wapi. Ziliondoka na treni, miilini mwa watu. Lakini hata mimi niliona aibu. Watu wamefanya kazi ya kilio, waende mikono mitupu?

Mama Kapinga akasimama, akafuta mikono kwa kitenge.

"Munipe ule mweupe."

"Mweupe gani, Mama?"

"Ule mbwa. Minye nilipika."

"Mbwa si nguo!"

"Iko ya marehemu ao hapana?"

Mjomba akacheka mpaka akashika ukuta. Akaanza kugawa, kwa sauti ile ile ya kugawa mashati, akimwita kila mtu kwa jina na kazi aliyoifanya. Waliochimba wakapata. Walioosha wakapata. Shefu wa mtaa alikuwa amebeba jeneza. Naye akaitwa, akaondoka na jike la madoa, kofia kichwani, bila kuangalia watu. Kila nyumba, mbwa mmoja.

Akabaki Mobileti.

"Huyu wa mwalimu," Mjomba akasema. "Alimutunza mugonjwa."

Nikapokea.

Jumapili, 10 Julai

Vijana wamepita na marungu. Mobileti alikuwa kizingitini. Wakauliza wa nani. Nikasema wangu. Wakaendelea.

Jumapili, 24 Julai

Baridi imepungua. Nimetoka kanisani mapema.

Mweupe sasa analala chini ya meza ya sombe. Mama Kapinga anamtukana mchana kutwa na kumlisha kwanza.

Nimepiga reli leo, polepole, nione tu. Mbwa walikuja. Wakalamba sufuria, wakanizunguka kidogo, kisha kila mmoja akarudi kwake. Mobileti hakuondoka. Nikamgusa kichwa. Ni cha moto. Sikujua kichwa cha mbwa kina moto hivyo.

Wenyewe wakirudi, nitawaonyesha kila mlango.

Nawe huko uliko, Yaya, unikumbuke.